Bizimu la Mkono wa Kushoto

Rubani aliweka mabizimu matatu juu ya cherehani yangu, pale Dunda ninaposhona viti vya pikipiki na maturubai. Bizimu ni kile chuma cha kufungia mkanda wa kiti. Alikuja kuchukua kitambaa kipya cha kiti cha ndege yake, ile ndogo ya watu wawili. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akasema, "Fundi wangu ataufunga mkanda mpya. Lakini wewe unaujua mkono wa kaka yako. Nichagulie."

Kaka yangu alianguka na bodaboda njia ya Chalinze. Mfupa wa mkono wa kulia uliunga, vidole havikukunjika tena. Jembe hashiki, wavu havuti. Yule mzee rubani ndiye aliyempa kazi inayotaka macho tu: kukaa kando yake angani na kumwonyesha kingo za mashamba ya chumvi zilizobomoka. Kaka anayajua mashamba yale tangu utotoni. Mama alianza tena kumwita kwa sauti ya kawaida, si ile ya kumwita mgonjwa.

Kisha siku moja bizimu la zamani lilikwama wakiwa wameshatua, na mzee ikambidi amfungue. Akasema hapandi naye tena mpaka amwone akijifungua mwenyewe.

Niliyajaribu yote matatu. La kuzungusha lilitaka kushikwa kwa nguvu. La kubonyeza, kitufe chake kilikuwa kimezama ndani, kidole gumba kinauma. La tatu lilikuwa na kibao cha kuinua. Ukikielekeza upande wa kushoto, vidole vya kushoto vinaingia chini yake bila shida. Nikachagua hilo.

Mzee aliniachia lile, nikalishona kwenye kipande cha mkanda na kukifunga kwenye kiti cha plastiki barazani. Kaka akakaa.

"Haya, rubani," nikamwambia.

"Eh! Leo bubu wa cherehani kasema." Akainua kibao kwa kushoto. Ta! Akafunga, akafungua tena. Mama akacheka ndani. "Mtanivunjia kiti changu."

Alifanya hivyo kila jioni, akiongea, akinywa chai, hata akiwa amefumba macho. Mimi nilikuwa nimetulia kabisa.

Siku ya kujaribiwa tulikwenda mimi na kaka uwanjani. Ni uwanja wa ndege wa majani tu, kaskazini mwa mji. Fundi wa ndege, mtu wa Dar, alikuwa ameshafunga bizimu jingine kama lile, kwa jinsi nilivyoelekeza. Akamfunga kaka mikanda ya mabega na ya kiuno, akamtania, "Hii si bajaji, bwana. Huku huchumpi ukashukia njiani."

Mzee akamwambia, "Mwanangu, funga macho. Moshi umejaa humu. Toka."

Kaka akafumba macho. Akasema, "Bismillahi."

Na mkono wa kulia ukaenda.

Nyumbani hatukuwa tunasema Bismillahi. Ulikuwa mchezo. Lakini jambo la kweli sisi hulianza hivyo, na kwa mkono huo. Ndivyo tulivyolelewa, kuanzia tonge la kwanza mpaka kitasa cha mlango. Vidole vyake vilivyokakamaa vilikwaruza kile kibao, vikateleza, vikarudi.

"Kushoto, kaka!" nikapiga kelele. Sijui sauti ile niliitoa wapi.

Akashtuka, akatumia kushoto, likafunguka. Akateremka anatabasamu. "Si umeona, mzee? Nilisahau tu. Tujaribu tena."

Walijaribu tena. Bismillahi, na mkono ukawa ule ule. Safari ya tatu ikawa vile vile, na fundi hakutania.

Mzee alimshika bega. "Mwanangu, huko juu mdogo wako hayupo."

"Nitajizoeza, mzee."

"Jizoeze. Lakini kiti nimeshampa mwingine wa kunishikia kwa sasa, kazi haisubiri."

Nilitaka kumchukia, nikashindwa. Ningekuwa mimi rubani ningesema hayo hayo. Nilikuwa nimekichunguza kile chuma pande zote, nikapima vidole vyake, nikasahau kwamba mtu akiogopa hurudi alikofunzwa.

Tulirudi nyumbani. Mama alitutazama usoni, akaingia jikoni.

Mzee hajapita tena Dunda. Ndege yake naisikia ikielekea kwenye chumvi, nami nasimamisha cherehani mpaka ipite, maana najua kaka naye anaisikia. Kile kiti cha plastiki bado kipo barazani. Sasa hataki nimtazame, kwa hiyo nakaa ndani. Namsikia akivuta mkanda. Namsikia akisema Bismillahi, polepole, kama mtu anayeomba ruhusa. Halafu nasubiri ule mlio, ta, na kinachonifikia ni kucha zikikwaruza chuma.