Mashavu ya Omari

Nakumbuka asubuhi moja pale Sindeni, miaka ile ya vijiji vya ujamaa, jirani yetu Mama Zaina alimshika mdogo wangu Omari mashavu akacheka: "Yatima gani huyu, amenona kama mtoto wa bwana shamba! Binti, umelea."

Mwanangu, nilijisikia kama niliyevishwa kanga mpya. Wazazi wetu walikufa nikiwa darasa la tano. Niliacha shule nikashika jembe, na sifa kama ile ndiyo iliyokuwa cheti changu.

Kumbe haukuwa unono. Ulikuwa uvimbe. Ulijaa usoni asubuhi, ukapungua jioni, nasi tukausifu.

Omari alikuwa kijana wa miaka kumi na minne. Kichwa kikimuuma, tulisema ni jua. Katika shamba la kijiji alipanda mahindi nje ya kamba ya kunyooshea mistari, vijana wakamzomea, "Kupe huyo! Anajifanya haoni!"

"Kamba yenyewe inacheza ngoma," akawajibu. Tulicheka wote, naye akacheka. Macho yalikuwa yanazimika.

Siku alipoanguka kwa degedege tulimpakia kwenye lori la kijiji hadi hospitali ya Korogwe. Tabibu, mtu mzima, alimfunga kipimo mkononi, akapima, akarudia.

"Amewahi kupimwa presha?"

"Mzee, presha si ugonjwa wa wazee?"

"Binti yangu, nani alikwambia presha inauliza umri?"

Kisha akanieleza taratibu, kama anayeogopa maneno yake. Presha ilikuwa imemkaa siku nyingi. Moyo umetanuka, macho yameguswa, figo zimeharibika, ndiyo maana uso ulivimba. Dawa ingeishusha presha, lakini figo zilizokufa hazifufuki. Nilimuuguza kwa nguvu zangu zote. Masika yaliyofuata hakuyaona.

Nilizika wazazi nikiwa mtoto, lakini kaburi la Omari ndilo nisilolizoea. Husemwa kwamba siku huponya. Mimi sijaona.

Wahenga walisema, nyumba njema si mlango. Mtoto akiumwa kichwa mara kwa mara, akivimba uso, akianza kuona ukungu, usimwite mvivu, mpeleke. Na hata asipolalamika, ukifika naye zahanati kwa jambo lolote, omba apimwe presha, maana hula ndani bila kelele, na ikipiga kelele mara nyingi imeshakula.

Sina faraja nyingine ya kukupa, mwanangu. Mungu akulinde wewe na wanao, wala asikujalie kamwe kuyajua haya kwa njia niliyoyajua mimi.