Ufa Nilioupaka Rangi

Kosa ni langu, na nimechoka kukaa nalo. Walioniona nikilia hospitali siku ile walidhani ni huruma. Walikosea. Nilikuwa naogopa.

Mimi ni fundi wa kukereza vyuma hapa Same. Mashine yangu iko uani, kwenye banda la mabati. Mwaka juzi nilipata kazi ya shafti ndefu za pampu za wakulima wa kijiji cha Bendera. Shafti ndefu ikizunguka hupigapiga katikati, lazima ishikwe. Kishikizi cha dukani kinachoenea mashine yangu sikukipata, nikaunda mwenyewe: duara la chuma lenye mikono mitatu, kila mkono una beringi ya pikipiki mwishoni.

Kilipendeza. Ila kwenye mkono mmoja, pale nilipochomelea, niliona ufa mwembamba kama unywele. Ilitakiwa nikate nichomelee upya. Nikapaka rangi ya kijani.

Kesho yake asubuhi akaja shemeji Elieza, kaka wa mke wangu. Ndiye aliyenifundisha kazi. Alikigeuzageuza.

"Umekikagua?"

"Nimekikagua, shemeji."

Hakuuliza tena. Akakifunga, akatia shafti, akawasha mashine. Haikupita muda, ule mkono wa kishikizi wenye ufa ukakatika, shafti ikapinda ikiwa kwenye kasi, ikampiga mkono wa kulia. Vidole vitatu vilisagika.

Hospitali mke wangu akaniuliza imekuwaje.

"Aliweka kasi kubwa mno," nikasema.

Jioni hiyo nikakitupa kishikizi korongoni.

Elieza mwenyewe alisadiki. Alipotoka wodini aliniomba radhi kwa kuniharibia kazi. Nikamsamehe. Jamani, nilimsamehe!

Aliacha ufundi, akapanda milimani, Gonja, kulima tangawizi. Mjini wakasema uzembe umemponza. Nilikuwepo wakisema, nikanywa chai yangu.

Mwezi uliopita nilimfuata shambani. Nikamwambia yote, tangu ufa mpaka korongo, nimesimama kwenye tuta. Aliendelea kupalilia mpaka mwisho wa mstari, ndipo akageuka.

"Vidole nimeshazoea," akasema. "Lakini miaka miwili nairudia ile asubuhi kichwani, natafuta nilikosea wapi. Ungeniambia ningepumzika."

Akaanza mstari mwingine. Nikashuka na gari la mchana.

Mke wangu nilimwambia siku hiyohiyo. Alifungasha nguo, akaenda kwa kaka yake amsaidie kuvuna. Hii ni wiki ya tatu. Nikipiga simu anapokea, anasema wote wazima, anakata.

Mafundi wenzangu, chuma kila mtu anaharibu. Ukiharibu, sema kabla mwenzako hajaanza kujilaumu. Mimi nilimwacha mtu ajichunguze miaka miwili kwa kosa ambalo nililijua, na hiyo miaka sina namna ya kumrudishia.