Ng'ombe wa Pembe Moja Aliyesomwa Kanisani

Jirani yangu Cherop anauza kabeji hapa soko la Olenguruone, na mdomo wake hauna breki. Ndiyo maana Mitchelle, yule msichana wa utafiti kutoka Nakuru, alimchagua awe mtafiti mwenzake. "Nyinyi ndio mnajuana," akasema. Cherop akapewa daftari azunguke kwa wajane akiulizia mambo ya mashamba. Sharti lilikuwa moja: asiandike jina la mtu.

Hakuandika. Aliandika ng'ombe wa kila mmoja. Kwani huku mtu utamtofautisha kwa kitu gani kingine?

Miezi mitatu baadaye tukaitwa kanisani tusomewe ripoti. Soda mkononi, tumetulia. Mitchelle akasoma: "Mjane mmoja, mwenye ng'ombe wa pembe moja, alisema: 'Shemeji nilimdanganya hati ya shamba iliungua. Iko ndani ya gunia la pumba.'"

Mungu wangu! Soda ilinipanda puani. Ng'ombe wa pembe moja kijiji kizima ni mmoja tu, wa Chepkemei. Na shemeji yake Kiptanui, anayelitaka hilo shamba tangu matanga, alikuwa benchi ya mbele. Chepkemei alikauka kama kuni. Mitchelle, hana habari, anafungua ukurasa mwingine.

Kiptanui akavaa kofia, akaelekea mlangoni.

"Enda tu, mzee!" Cherop akapaza sauti. "Utashiba pumba! Hiyo hati mimi na yeye tulipeleka kwa wakili Nakuru mwezi uliopita."

Watu wakacheka. Kiptanui akasimama, akamkodolea macho, akarudi kuketi kama aliyenyeshewa.

Cherop akaniinamia. "Mama Lewis, iko palepale kwa gunia. Toka na mlango wa nyuma."

Mimi, na uzito huu wangu, nilikimbia hadi kwa Chepkemei! Nilimwaga pumba yote sakafuni, nikaitia hati kifuani. Kesho yake ndiyo ikaenda kwa wakili kweli.

Mitchelle alilia, eti jina halikuandikwa. Cherop akamjibu, "Kosa ni langu pia. Lakini ungenisomea kwanza, ningesikia."

Sasa kila ripoti inasomwa kwanza jikoni kwa Cherop, waliosema maneno hayo wakiwepo. Ya juzi walifuta mistari saba. Chepkemei hakuja. Maziwa bado anamletea Cherop, lakini anayaacha mlangoni, hapigi hodi.