Msomaji wa Barua za Kabul

Juzi nilipita Matrah, mji wa bandari wa Kiarabu, kwenye kichochoro nilichokulia nyuma ya soko, nikasimama mbele ya duka la vifuniko vya simu kama mtu aliyepotea njia. Hapo, rafiki yangu, palikuwa na tanuri. Mkate wake ulikuwa mpana kama gurudumu la lori, na harufu yake, naapa, ilikuwa ikiamsha watu mpaka kijiji cha mbali cha Yiti.

Mwokaji alikuwa Muafghani, tukimwita Ami. Mke na binti yake walibaki Kabul, na barua zao zililetwa na watu wa kwao waliokuja kutafuta kazi. Ami hakujua kusoma. Mimi nilikuwa na miaka tisa na herufi zangu za Kiarabu za chuo cha Kurani, na herufi zao zafanana na zetu. Basi akinikalisha juu ya gunia la unga, nikamsomea Kiajemi chao, lugha nisiyoijua hata neno. Irabu nikizimwaga ovyo kama choroko. Yeye amefumba macho, ananisahihisha, anaelewa. Sauti yangu, maana yake.

"Wajukuu nnao ishirini," Bibi akiwatambia majirani, naye anao saba, "lakini msomaji wa Kiajemi ni huyu!"

"Anasoma kama kasuku mwenye mafua, Mama," Ami akijibu kwa Kiswahili alichookota kwetu, Waswahili tuliohamia huku. Ujira wangu ulikuwa mkate wa moto wenye mbegu nyeusi za habasoda.

Siku moja mwandiko ukabadilika, mkubwa, umepinda. "Huu mkono wa binti yangu!" Ami akapiga kelele, akakumbatia kila mteja mpaka mtaa mzima ukawa mweupe kwa unga. Binti huyo akakua, akawa mwalimu wa wasichana. Mimi nilikuwa nimeacha shule, Ami akanisuta: "Binti yangu anafundisha, we msomaji wangu umekaa tu?" Ndipo nikaenda masomo ya usiku, nikahitimu, nikatembea kama waziri.

Kisha wale wapiganaji wanaotawala kwa jina la dini wakarudi madarakani Kabul. Mishahara ikakatika, misaada ikapungua. Ami akapata habari za majirani waliouza mpaka mazulia wapate unga. Naye huku anashinda unga umemjaa hadi kwenye nyusi.

Siku hizo binti alikuwa akimtumia sauti kwa simu. Asubuhi moja alituma maandishi. Ami akaniletea, na mimi, mhitimu mzima lakini Kiajemi bado sikijui, nikasoma kwa mbwembwe zote za zamani, kama mtangazaji wa redio, nikicheka ili naye acheke. Hakunisahihisha hata mara moja. Nilipoinua macho, alikuwa ameshika ukingo wa tanuri wala hahisi moto.

"Kaandika nini, Ami?"

"Wasichana wakubwa wamekuja shule, wamerudishwa mlangoni. Mmoja kamuuliza: mwalimu, kesho tuje saa ngapi?"

Mwezi haukwisha akafunga tanuri, akarudi kwao akae na mkewe na binti yake, maana kuwatoa hakuweza. Simu yake haipatikani. Bibi naye ameshatangulia mbele ya haki, na kichochoro kimepakwa rangi ya kupendeza watalii. Nimesoma mengi tangu hapo, nayaelewa. Lakini habari ya kufungwa shule ile niliisoma mimi, kwa mdomo huu, nikicheka.