Pazia la Vioo vya Sola

Mimi ni mhudumu wa zahanati huku Kansay, na usafi ndio sifa yangu. Siku tuliyofungiwa umeme wa jua, fundi alieleza unavyofanya kazi wakati mimi niko jikoni nawapikia wageni chai. Nilidaka neno la mwisho tu: "Mama Neema, vumbi lisikae kwenye vioo."

Vumbi letu jekundu nalijua. Redio yangu tu naivalisha kitambaa, sembuse vioo vya gharama vile? Nikashona pazia zito, nikalitarizi maua ya njano. Kila asubuhi nilipanda ngazi kuvifunika. Jua likizama navifunua, vipate hewa.

Siku ya nne friji ya chanjo ikazima. Akina mama waliotembea na vichanga mgongoni tukawarudisha. Niliwaka! Nikaiambia kamati ya zahanati tumeuziwa betri mbovu, fundi aitwe.

Alikuja mchana, kamati imekaa uani.

"Kijana, hivi vitu nimevitunza kuliko wanangu!" nikamfokea.

"Sawa, mama." Akapanda juu ya paa. Kisha akasema kwa upole, "Wazee, vioo hivi ndivyo vinavyopokea mwanga wa jua vikatengeneza umeme. Betri zinauhifadhi tu. Sasa hili pazia kaliweka nani?"

Mwenyekiti alilitazama lile pazia, akatazama maua ya njano niliyotarizi kwenye kitambaa cha meza yao, kisha taratibu akanitazama mimi.