Mwami wa Majivu Haruki Nyumba

Bahizire anatengeneza redio na simu kule Ndosho, hapa Goma. Ni mtu wa upande wa Bukavu, mpole mpaka anakera; ukimletea simu iliyoanguka majini anakupa pole kana kwamba umefiwa. Basi mtu huyo huyo, kila Jumapili baada ya misa, alikuja kwenye chumba changu cha kushonea, akaketi mbele ya meza ninayokatia vitambaa, akageuka shetani.

Ni mchezo. Mmoja anasimulia na kuwasemea maadui wote. Sisi wengine kila mmoja anamsemea shujaa wake, na dadu huamua kama pigo limeingia. Ramani tunaichora mezani kwa chaki yangu ya ushonaji. Mashujaa ni vifungo vya makoti, na adui mkuu ni jiwe jeusi la volkano, ambalo Goma hakuna anayelinunua.

Bahizire alitaka kitu kimoja tu, nacho kilimnyima raha: pigano la mwisho lenye maana. Sisi tulikuwa tunamkimbia. Alileta joka, tukakunja magodoro. Alileta jeshi la mifupa likipiga ngoma mlimani, na Kambale, dereva wa moto, pikipiki za abiria, asiyeogopa kitu barabarani, akauliza kwanza kama njia ya nyuma ingali wazi. Sisi ni watu wa Goma. Ngoma ikilia hatuulizi adui ana nguvu gani, tunauliza sufuria iko wapi. Alibomoa madaraja yote ya ramani, tukapata pa kupita. Nilimcheka mpaka machozi.

"Munakimbia kila siku!" alifoka. "Sasa vita itatoka wapi?"

Akaenda kufikiri, na heri asingefikiri. Aligundua kwamba tatizo halikuwa adui. Tatizo ni kwamba hakuwahi kutupa kitu tusichoweza kubeba.

Mchezaji wetu wa tatu ni Charline, anayeuza vitunguu soko la Birere. Habari yake mtaa mzima unaijua. Siku watu walipokimbia vita kijijini kwao Kibati, mama yake hakuweza kutembea, na Charline alimwacha ndani ya nyumba. Majirani waliorudi walikuta kuta bila paa, wala hapakuwa na mtu. Hakuna mwili, hakuna aliyeona, kwa hiyo hata matanga hayakuwekwa. Tangu hapo kila anayetoka upande ule Charline humwuliza swali moja: mama alikufa namna gani? Hakuna aliyewahi kumjibu. Bahizire alilijua hilo kama sisi sote.

Jumapili iliyofuata aliweka jiwe jeusi katikati ya meza.

"Huyu ni Mwami wa Majivu, mufalme ya maadui wote," akasema. "Hana haraka. Haruki nyumba hata moja. Kila mulango anafungua."

Kisha akatoa kifungo kidogo cheupe cha shati, akakiweka ndani ya nyumba ya chaki, mbele ya Charline.

"Na huyu ni mama ya shujaa wako. Miguu yake haitembee."

Nilisimamisha cherehani. Nilitamani kumrushia mkasi.

"Papa Bahizire, hapana," Kambale akasema.

"Ni muchezo tu," akajibu, macho yakimwaka. Alikuwa na hakika amempata. Charline akibaki, nasi tungebaki naye, na yeye angepata vita yake.

Charline alikitazama kile kifungo cheupe.

"Ninamuwekea maji pembeni ya kitanda," akasema. "Ninafunga mulango. Ninaenda."

"Unaenda?"

"Ninaenda."

Akakisogeza kifungo chake mpaka ukingoni mwa meza. Mimi na Kambale tukasogeza vyetu. Bahizire, amenywea, akaanza kukusanya dadu zake, lakini Charline akamshika mkono.

"Muchezo haiyaisha. Mwami wako amefika ku mulango. Endelea."

"Anaona ni nyumba ndogo," Bahizire akasema haraka. "Anapita."

"Ulisema haruki nyumba."

"Charline..."

"Weye ndiye ulimutengeneza. Unamujua kuliko siye wote. Sema alimufanya mama nini."

Bahizire alinitazama ili nimwokoe. Sikumwokoa. Nilimchukia, na nilitaka aonje.

Akasema. Laana yake ni kwamba ana kipaji, akishaanza kusimulia hajui kuharibu. Alieleza mlango ulivyofunguka, na mama alivyodhani ni binti yake amerudi, akamwita kwa jina. Alieleza kisu. Alisema haikuchukua muda. Kambale alitoka nje. Charline alisikiliza akiitikia kwa kichwa, kama mtu anayeelekezwa njia.

"Aliniita?"

"Ndiyo."

"Aksanti," akasema, akachukua kile kifungo cheupe akaenda nacho.

Juma lile lile aliweka matanga. Wakaja watu wa Kibati, wakaja akina mama wa kanisa. Kila aliyeuliza alijibiwa: mlango ulifunguka, mama akadhani ni mimi, akaniita, kisha kisu, haikuchukua muda. Yalikuwa maneno ya Bahizire, hakupunguza hata moja. Wanawake walilia kwa sauti, na mmoja akasema afadhali, sasa angalau tunajua.

Bahizire alikaa karibu na mlango na sahani ya maharage ambayo hakuigusa. Mjomba wa Charline, mzee pekee aliyebaki wa ukoo ule, akamwinamia.

"Kijana, banasema ni weye uliletea mutoto wetu hii habari. Ni ya kweli?"

Charline alikuwa amesimama nyuma ya mzee na birika la chai, akimtazama Bahizire.

"Ndiyo, muzee," Bahizire akasema. "Ni vile ilikuwa."

Mzee akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akamshukuru.