Kona aliyoangukia Masanja

Leo vijana walichora kona mbele ya kiwanda cha pamba. Nikawaambia wafute.

Wanatafuta njia ya awali ya mashindano ya baiskeli yaliyokuwa yakizunguka mitaa ya Shinyanga mjini. Aliyeipima ni mimi, kwa hiyo wakanipakia kwenye bajaji. Miguu imegoma.

"Lakini mwalimu, kila mtu anajua kona ilikuwa hapa. Si ndipo alipoangukia Masanja?" kijana mmoja akauliza.

Kweli, aliangukia hapo.

Ila kona niliipanga mbele zaidi, kwenye barabara pana. Asubuhi ya mashindano ndipo nilipoihamishia kiwandani, wageni wapate kivuli. Mbegu za pamba zilikuwa zimemwagika chini. Niliziona. Nikasema zitapondwa na matairi.

Masanja akateleza, akafa.

Nikawaambia watu alikuwa amelewa.

Dada yake, Mama Kulwa, alikuwepo leo. Nikakiri hayo, nikamwomba msamaha mbele ya wote.

Akasema, "Mwalimu, mama yetu amekufa akimwonea aibu mwanawe. Nawe ulikuja msibani, ukala kwetu."

Nikamwomba tena.

"Usiniombe mimi. Waambie uliowadanganya."

Wengi wao wamekwisha kuzikwa, nami sikawii. Ninyi mliobaki, Masanja hakuwa amekunywa. Waambieni na watoto wenu.